Kitunguu Saumu cha Nchi za Baridi



Wanafunzi wetu hupenda kuuliza kama kitunguu saumu kina uhusiano na saumu ya Ramadhani. Hakina. Jina limetokana na thuum ya Kiarabu, na ndiyo maana wazee wa pwani hukiita kitunguu thomu. Katika Suratul Baqarah, aya ya 61, watu wa Nabii Musa (A.S.) wanaomba fuum pamoja na adesi na vitunguu. Wafasiri wamekhitilafiana: wako waliosema ni thomu, wako waliosema ni ngano.

Asili ya mmea huu ni Asia ya Kati, upande wa milima ya Tian Shan, kwenye baridi kali. Aina iliyobaki karibu na asili hiyo ina bua gumu katikati, na punje chache kubwa zimelizunguka. Ile ya madukani mara nyingi haina bua hilo. Imependwa na wafanyabiashara kwa kuwa hukaa muda mrefu.

Aina ya bua gumu hupandwa kabla ya majira ya baridi, mwezi wa 9 au 10, punje moja moja, kisha hufunikwa kwa majani makavu. Theluji huiangukia, nayo hungoja. Bila wiki kadhaa za baridi hutoa duara tupu lisilogawanyika punje, kwa hiyo sisi wa pwani tusijisumbue nayo. Mwezi wa 6 bua hujikunja kama mkia. Wakulima hulikata ili nguvu irudi chini, na bua lenyewe hukaangwa likaliwa. Mavuno ni mwezi wa 7.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kitunguu saumu kwa kawaida hakizai mbegu za kweli. Punje ya leo ni mwili ule ule wa punje za mababu, uliopitishwa mkono kwa mkono. Familia ya mwisho yenye aina fulani ikila akiba yake yote, aina hiyo imekwisha. Ndiyo maana mwaka 1989 wataalamu wa Marekani walipopata ruhusa ya kukusanya thomu katika Asia ya Kati, iliyokuwa bado chini ya Umoja wa Kisovieti, ilikuwa fursa kubwa. Iko aina iliyonunuliwa sokoni Samarkand ambayo sasa hulimwa Marekani kwa jina la mji huo.

Huko Uzbekistan jina la chakula halitakuwa geni kwetu: palov, ndugu wa pilau yetu. Vichwa vizima vya thomu, bila kumenywa, hufukiwa ndani ya wali wenye nyama na karoti mpaka vilainike, kisha kila mlaji hujikamulia punje zake.

Thomu hii hukaa miezi 4 hadi 6 tu, halafu huanza kunyauka. Mkulima hutenga kwanza vichwa vikubwa kwa ajili ya kupanda. Jiko hupewa vinavyobaki.