Kovu la Ndani

Historia ya upasuaji, kwa desturi, huhesabu siku za kupona kwa ngozi. Yaliyoendelea tumboni baada ya ngozi kufunga hayakuandikwa sana, ingawa huko ndiko maumivu ya wengi yalikoanzia.

Katika mwaka wa 1879, Robert Felkin, Mwingereza aliyesomea utabibu, alishuhudia huko Kahura, katika Bunyoro, mganga akimpasua mwanamke mwenye uchungu wa uzazi. Mama alipewa pombe ya ndizi alewe. Tumbo likaoshwa kwa pombe hiyo hiyo. Damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini saba za chuma. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Felkin aliichapisha habari hiyo katika mwaka wa 1884. Lakini taarifa yake yaishia siku hiyo ya 11.

Utando laini unaofunika matumbo ukijeruhiwa, huota nyuzi za kovu zinazoweza kuugandisha utumbo na viungo vya jirani. Wengi hawasikii kitu. Wengine huumwa mara kwa mara kwa miaka. Madaktari wenyewe waliwahi kuongeza chanzo: poda ya talki, na baadaye ya wanga, iliyotiwa katika glovu ili zivalike kwa wepesi, ilimwagika tumboni na kuzidisha makovu. Marekani ilizipiga marufuku glovu za poda katika mwaka wa 2016.

Lililo zito zaidi ni kwamba kisu kinachokata nyuzi hizo huweza kuzaa nyingine. Ndiyo sababu matabibu wamejifunza kujizuia, wakitumia kwanza dawa za maumivu na uangalizi, na kupasua tena hasa pale utumbo unapoziba.

Kwa watu wa Visiga jambo hili si la vitabuni tu. Kituo cha afya cha Kibaha, kilichotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa Serikali mwaka 1970, kilikua kikawa Hospitali ya Tumbi. Upasuaji ulisogea karibu, na kovu la ndani pia. Basi mgonjwa arudipo baada ya mwaka akisema tumbo lamsokota, hali kovu la nje limekauka, hapana budi asadikiwe. Na akitapika, tumbo likajaa, akakosa choo na hewa, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.