Kalamu ya Mwalimu katika Nchi ya Masasi na Newala

Kazi yangu chuoni ni kufundisha kuandika insha. Mwaka mmoja niliwaagiza wanafunzi, kila mtu aandike habari za mwanzo wa kanisa la kwao. Mmoja, kijana wa upande wa Newala, aliandika vizuri sana. Akawataja maaskofu wote kwa zamu zao na miaka yao, wala hakukosa hata mmoja. Nikampa alama nyingi. Kisha nikamwuliza, "Ni nani aliyemfundisha babu yako kusoma Injili?" Akanyamaza kitambo, akasema, "Mwalimu, jina lake hatulijui."

Siku ile nilirudi nyumbani nimefadhaika, maana hata mimi jina la yule aliyemfundisha babu yangu silijui. Basi nikaanza kuzitazama tena habari nilizokuwa nikifundisha.

Kanisa la Masasi lilianza mwaka 1876. Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na wanaume na wanawake waliokombolewa katika utumwa, wakashuka Lindi, wakashika njia ya bara. Nia yao ilikuwa kurudi upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi walitekwa zamani. Lakini walipofika Masasi, penye majabali makubwa na ardhi njema, wakakaa papo hapo. Sisi husema, "Askofu alianzisha Masasi," na ni kweli. Lakini Askofu alirudi Unguja. Waliobaki, wakafyeka msitu, wakajenga nyumba na kulima, ni wale waliokuwa jana watumwa. Ukristo wao majirani waliuona kwanza shambani na kisimani, kabla ya kuusikia kanisani.

Mwaka 1882 yalikuja maafa. Magwangwara, ndio Wangoni, waliishambulia Masasi; wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Fikirini, ndugu zangu, mtu aliyekwisha kukombolewa kutekwa mara ya pili! Padre Chauncy Maples na watu wake wakahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao, aliyewapokea. Huko juu penye uwanda wa Makonde ardhi ni nzuri, lakini maji yalikuwa taabu. Akina mama walishuka bondeni kuyateka, wakapanda tena mlima na mitungi kichwani. Nami naona kazi ya mwalimu ilifanana na kazi yao: kila siku kushuka na kupanda kwa ajili ya mtungi mmoja, na kesho kuanza tena.

Walimu hao walitoka wapi? Wengi walifundishwa Kiungani, chuo cha Misheni huko Unguja, na wengi katika wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa. Huko walifundishwa pia kuandika. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu kwa Kiingereza chenye habari walizoziandika vijana wenyewe: jinsi walivyotekwa, walivyouzwa, na walivyopelekwa pwani. Tena mwaka 1888 lilianza kupigwa chapa Kiungani gazeti dogo, jina lake Msimulizi. Waliotoka chuoni wakaenda kufundisha bara waliliandikia habari za mahali pao, na Masasi na Newala zikiwamo. Hazikuwa habari za wafalme. Zilikuwa habari za shule, za safari, za wageni, za waliobatizwa na waliokufa. Mambo madogo, lakini leo mambo hayo madogo ndiyo yanayotuonyesha walivyoishi.

Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa. Utotoni aliuonja utumwa. Akalelewa na Misheni, akasoma hata Uingereza. Mwaka 1886 akawa shemasi, akapelekwa Chitangali kwa Barnaba Nakaam, mkuu wa Wayao. Na mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kupewa daraja hiyo. Miaka mingi alichunga kundi lake kule Chitangali, naye Mzungu wa kumsimamia kila siku hakuwapo.

Tena mambo yakajaribiwa kwa moto. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni ya Masasi ilichomwa. Katika vita vya 1914 hata 1918, Wadachi waliwatia kifungoni mapadre Waingereza. Watu wangaliweza kusema, "Wenye dini wamekwenda zao." Lakini mapadre na walimu wenyeji waliwakusanya waumini, wakasali nao, wakawafundisha watoto, wakazika wafu. Kwa hiyo mwaka 1926, Masasi ilipofanywa dayosisi na Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza, nyumba iliyopewa jina jipya ilikuwa imekwisha kusimama kwa mikono ya watu hao.

Mtume Paulo alipomaliza waraka wake kwa Warumi, alitaja watu wengi kwa majina yao: Foibe, Priska, Akila, na wengine ambao matendo yao makubwa hatuyajui. Na katikati ya salamu hizo aliyeushika uandishi alijitaja, kwamba yeye ni Tertio. Hakuwa mtume, alikuwa mwandishi tu. Lakini pasipo mkono wake Warumi wasingalipata waraka.

Yule mwanafunzi wangu alirudi kwao wakati wa likizo, akamwuliza bibi yake. Akaja na jina, na jambo moja: kwamba mwalimu yule aliwafundisha watoto kuandika kwa kidole katika mchanga, kwa kuwa vibao havikutosha. Nikamwambia aanze insha yake na mchanga huo, kisha ndipo awataje maaskofu.

Nanyi wasomaji, wazee wangali wapo vijijini, lakini hawatakuwapo daima. Jumapili hii mkitoka kanisani, kaeni na mmoja, mwulizeni aliyemfundisha, mkaandike jina hilo katika daftari. Mungu anayajua majina yao yote. Sisi tusiyoyaandika ndio tutakaoyapoteza.