Ndege Isiyo na Silaha: Kazi ya Sidney Cotton katika Upigaji Picha wa Angani

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwalimu wa jiografia atundikapo ramani ukutani, ni nadra kumweleza mwanafunzi jinsi ramani ile ilivyopatikana. Nyingi za ramani za Afrika ya Mashariki zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa angani baada ya mwaka 1946. Miongoni mwa waliozipiga ni Kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilichofanya kazi hiyo katika Kenya. Ufundi huo ulikuwa umekomaa vitani. Yafaa basi tumtazame mtu mmoja aliyeukuza sana, ambaye wakubwa wake walimwondoa kabla matunda hayajaiva.

Mtu huyo ni Frederick Sidney Cotton, aliyezaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Queensland, Australia. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Siku moja ya baridi aliruka akiwa amevaa nguo zake za kazi zilizojaa mafuta ya injini. Aliporejea, wenzake walikuwa wakitetemeka, naye hakuona baridi. Hakuliacha jambo hilo lipite. Alitambua kwamba mafuta yalizuia upepo kupenya, na mwaka 1917 akabuni vazi la marubani lililoitwa Sidcot, ambalo lilitumika kwa miaka mingi. Tabia hii ya kuuliza sababu ya jambo dogo ndiyo iliyomfikisha mbali.

Katika miaka ya 1930 Cotton alifanya biashara ya filamu za rangi, na biashara hiyo ilimpa kisa cha kusafiri Ujerumani. Idara ya ujasusi ya Uingereza ikamtafuta. Alipewa ndege ya abiria aina ya Lockheed, akaificha kamera chini ya sakafu yake, nyuma ya vifuniko vilivyofunguka kwa siri. Tatizo kubwa la upigaji picha wa juu lilikuwa baridi: unyevu uliganda juu ya lenzi na picha zikaharibika. Cotton alizipitishia kamera hewa ya moto, na lenzi zikabaki safi.

Mwezi wa Juni 1939 alizipiga picha bandari na viwanja vya ndege vya Waitalia, kuanzia Bahari ya Kati hadi Massawa, katika Eritrea. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, siku chache tu kabla ya vita, aliondoka Berlin na akapata picha za manowari za Kijerumani.

Vita vilipoanza, majeshi yalitegemea ndege za kivita aina ya Blenheim kwa upelelezi. Ndege hizo zilikwenda polepole, na nyingi zilitunguliwa. Rubani mmoja, Maurice Longbottom, alikuwa ameandika hoja yake mnamo Agosti 1939: itumike ndege moja, nyepesi, yenye mbio, iruke juu sana, isichukue silaha. Cotton aliishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Alizipata Spitfire mbili kwa shida, maana kila kamanda alizitaka kwa mapigano. Akaziondoa bunduki za rashasha, akaziweka kamera ndani ya mabawa, akaziba nyufa, akazisugua mpaka zikateleza, kisha akazipaka rangi hafifu ipoteayo machoni angani. Tarehe 18 Novemba 1939 Longbottom aliruka kutoka Seclin, Ufaransa, kuelekea mpaka wa Ujerumani, kwa kimo cha futi 33,000. Kinga yake ilikuwa mbio na kimo tu.

Lakini Cotton hakuwa mtu wa kufuata ngazi. Alivipita vyeo, akapuuza taratibu, akajipatia maadui wizarani. Mwezi wa Juni 1940 alivuliwa uongozi, na kikosi alichokiunda akakabidhiwa mwingine. Mwaka uliofuata alipewa nishani, wala hakurudishiwa kazi. Hatumtakasi: mwaka 1948 alipeleka silaha kwa ndege hadi Hyderabad, Bara Hindi, akashitakiwa na kutozwa faini. Alifariki mwaka 1969.

Kazi aliyoianza iliendelea pasipo yeye. Picha zilipelekwa Medmenham, Uingereza, ambako wanaume na wanawake walizisoma kwa vioo vya kukuza. Mmoja wao, Constance Babington Smith, alitambua bomu lirukalo la Wajerumani katika picha ya Peenemünde iliyopigwa mwezi wa Novemba 1943. Lilikuwa doa dogo lenye mabawa. Kamera ilikuwa imeliona. Ilihitajika akili ya mtu kulifahamu.

Hapa sisi walimu tuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, picha ni kama maandishi: haina faida bila msomaji aliyefundishwa. Pili, ofisi huweza kuihifadhi kazi na kumsahau mfanyakazi, hasa akiwa msumbufu. Historia haiwi ya haki isipomtaja mtu huyo pamoja na ubunifu wake na makosa yake. Tutakapoitundika ramani tena, tumweleze mwanafunzi kwamba nayo imeundwa.