Mimba Mbili Mahali Pawili

Mtu akiisha kupata jibu, huacha kuuliza. Tabia hii, iliyo hasara ndogo katika mambo mengi, katika utabibu wa wajawazito imegharimu uhai wa akina mama.

Mwaka 1708 Joseph-Guichard Duverney, mtaalamu wa elimu ya viungo huko Paris, alipasua maiti ya mwanamke aliyeuawa na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Ndani ya mji alikuta mimba ya pili, imekaa mahali pake. Habari hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa juu ya jambo hili. Lakini ilipatikana kwa kisu cha maiti, wala haikumfaa mwenye mwili.

Mwaka 1883 Lawson Tait wa Birmingham aliukata mrija wa uzazi uliopasuka, na mgonjwa akapona. Basi tiba ilipatikana, ila utambuzi ulibaki nyuma. Mwaka 1948 DeVoe na Pratt walikadiria kwamba mimba pacha za namna hii hutokea mara moja katika mimba 30,000. Jambo adimu hivyo si rahisi kukumbukwa kitandani pa mgonjwa.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza njia ya kutazama tumbo kwa mawimbi ya sauti isiyosikika. Chombo hicho kilileta nuru, na nuru ikaja na kivuli chake: tabibu aliyemwona mtoto mjini aliridhika, asiitazame mirija. Kipimo cha homoni nacho hakikumwonya, maana mimba njema huitoa kwa wingi na kuuficha upungufu wa mwenziwe.

Alipozaliwa Louise Brown nchini Uingereza mwaka 1978, mlango mpya wa uzazi ulifunguliwa. Viinitete kadhaa vilipotiwa mjini kwa pamoja, uadimu ulipungua. Kwa wanawake waliotibiwa hivyo, makadirio mengine yamefikia moja katika 100.

Tiba yake yataka uangalifu. Methotreksati, dawa iangamizayo mimba ya mrija, haifai hapa, kwa kuwa humdhuru na mtoto aliye mjini. Hivyo mpasuaji huondoa mrija wenye hatari bila kuugusa mji, na mara nyingi mtoto aliyebaki huzaliwa hai.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mjamzito mwenye maumivu makali ya tumbo hajamaliza kupimwa kwa kuonekana mtoto mjini. Hapo ndipo mirija hustahili kutazamwa.