Cha Bure Nacho Kina Mwenyewe

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wiki hii nataka tuipime methali hiyo kwa jambo ambalo wengi wetu hatulioni, ingawa linatuhudumia kila siku. Nazungumzia programu zinazoendesha seva, yaani zile kompyuta za mabenki na makampuni ambazo hazikai mezani kwa mtu, bali hufungiwa chumbani zikihudumia kompyuta nyingine usiku na mchana.

Kompyuta ya nyumbani ikigoma, unaizima na kuiwasha tena. Seva ya benki ikigoma, foleni inafika barabarani. Ndiyo maana mwenye biashara hataki programu inayobadilika kila mara. Anataka iliyopimwa ikapimika, na ambayo kasoro zake zitazibwa kwa miaka mingi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Hoja yake ilikuwa kwamba mtumiaji wa programu awe na haki ya kuisoma, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, akatoa kiini cha Linux. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Leseni hiyo inaagiza kwamba ukimgawia mtu programu, hata kama umeiboresha, mpe na haki ya kupata maandishi yake asilia. Hizo ndizo programu huria. Huria, ndugu msomaji, si lazima ziwe za bure.

Kampuni ya Red Hat ya Marekani ililielewa hilo mapema. Mwaka 2002 ilitoa Linux maalumu kwa ajili ya seva za biashara, na mwaka 2003 ikatangaza kuachana na ile ya kawaida iliyokuwa ikipatikana bure. Ilichouza hasa ni ahadi: masahihisho, msaada, na miaka ya utulivu.

Lakini leseni ilikuwa palepale. Watu wa kujitolea wakayachukua maandishi yaleyale, wakaondoa jina na nembo ya Red Hat, maana hizo ni mali ya kampuni kisheria, wakaijenga programu upya. Mwaka 2004 ikazaliwa CentOS. Kazi yao haikuwa lelemama. Kila kasoro iliyozibwa kule, ilibidi huku nako izibwe, na bila kuchelewa. Makampuni na vyuo vingi vikaitumia bila kutoa senti.

Ufa ulionekana mwaka 2009. Mwenzao mmoja aliyeshika anwani ya mradi kwenye intaneti pamoja na michango alikuwa kimya muda mrefu, mpaka wenzake wakamwandikia barua ya wazi. Yalisuluhishwa, lakini ilidhihirika kuwa seva chungu nzima zilikuwa zimeegemea mabega ya watu wachache.

Mwaka 2014 Red Hat yenyewe ikaupokea mradi huo. Mwaka 2019 IBM ikainunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Kisha Desemba 2020 likatoka tangazo. CentOS 8, ambayo watu walitarajia iwafikishe mwaka 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Waliojenga juu yake wakabaki na mwaka mmoja wa kuhama.

Je, walikufa maskini? Hapana. Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, akaanzisha Rocky Linux, jina la kumkumbuka mwasisi mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. Kampuni ya CloudLinux nayo ikaanzisha AlmaLinux. Zote mbili zilitoka mwaka 2021. Leseni ileile ndiyo iliyowapa haki ya kuanza tena.

Mwaka 2023 Red Hat ikaacha kuyaweka hadharani maandishi kamili ya programu yake ya biashara, ikayaachia wateja wake. Ilisema haioni faida ya watu kuijenga upya kazi yake bila kuongeza kitu. Mimi siipuuzi hoja hiyo. Wahandisi wanaoziba kasoro usiku wa manane wanahitaji mishahara, na mishahara haitoki kwa anayechukua tu. Lakini kampuni hiyo nayo ilijengwa juu ya kazi ya maelfu ya watu ambao haikuwaajiri.

Kwa hiyo methali ya wahenga inasimama, ila tuiongezee neno. Ukiletewa kitu huria, usiishie kuuliza bei. Uliza nani anakitunza, analipwa na nani, na siku akichoka, je, sheria inakuruhusu kukishika mwenyewe?