Pampu za joto mpakani: Jinsi ya kuunganisha nyaya bila kuhatarisha maisha

JOTO la mchana katika miji ya Busia na Malaba, iliyoko kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, limewafanya wenye hoteli, benki, hospitali na afisi za mawakala wa forodha kutafuta mitambo ya kupoza hewa. Miongoni mwa mitambo hiyo ni pampu ya joto ya kasha moja, ambayo hufungwa juu ya paa au kwenye sakafu ya saruji kando ya jengo.

Ni mtambo wenye manufaa makubwa. Hata hivyo, ukiunganishwa vibaya unaweza kumuua fundi siku ya kuufunga, au kumuua mwenye jengo miaka kadhaa baadaye atakapolishika kasha lake wakati wa mvua.

Pampu ya joto hufanya kazi kama friji. Gesi husukumwa na kompresa, ikachukua joto mahali pamoja na kulitoa mahali pengine. Tofauti yake na kiyoyozi cha kawaida ni vali inayogeuza mkondo wa gesi, hivyo mtambo uleule unaweza kupoza chumba mchana na kukipasha joto usiku wa baridi. Inaitwa ya kasha moja kwa sababu kompresa, feni na koili zote mbili zimo ndani ya kasha moja la chuma. Fundi haungi mabomba ya gesi. Kazi yake kubwa ni kuweka mifereji ya hewa na kuunganisha umeme.

Nani anaruhusiwa

Nchini Kenya, kazi za kuweka umeme katika majengo husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA), iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Mafundi hupewa leseni za madaraja mbalimbali, na daraja la leseni ndilo linaloamua ukubwa wa kazi ambayo fundi anaweza kuifanya. Mwenye jengo ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza.

Upande wa Uganda, jukumu hilo ni la Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, wasafiri na mizigo huvuka kwa urahisi zaidi. Leseni ya fundi umeme ni jambo jingine, kwa kuwa kila mamlaka hutoa leseni kwa kazi za nchi yake. Fundi hodari kutoka ng'ambo hapaswi kupewa kazi kwa sababu tu bei yake ni nafuu.

Kusoma kibao cha mtambo

Hatua ya kwanza haihitaji bisibisi. Ni kukisoma kibao kilichobandikwa ubavuni mwa kasha. Umeme wa Kenya na wa Uganda ni wa volti 240 kwa fezi moja na volti 415 kwa fezi tatu, na mzunguko wake ni hezi 50. Mtambo uliotengenezewa soko la Marekani hutumia hezi 60. Mitambo ya namna hiyo iliyokwishatumika inapoletwa na kuunganishwa bila idhini ya mtengenezaji, mota zake zinaweza kupata joto kupita kiasi na kuungua.

Kibao hicho pia huonyesha takwimu mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kiasi cha chini cha ampea ambacho kebo lazima iweze kubeba. Ya pili ni ukubwa wa juu kabisa wa breka inayoruhusiwa kuulinda mtambo. Fundi anayeweka breka kubwa kuliko kipimo hicho, kwa kuwa ndogo "inaanguka kila mara", ameiondoa kinga na kuacha kebo iwe fyuzi.

Umbali nao una gharama yake. Tuseme mtambo wa fezi moja unavuta ampea 20, na uko mita 30 kutoka kwenye bodi ya umeme. Kebo ya shaba ya milimita 2.5 za mraba hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Ukizidisha 18 kwa 20 kwa 30, utapata milivolti 10,800, yaani karibu volti 11. Kebo ya milimita 4 za mraba hupoteza milivolti 11 kwa kiwango hicho, hivyo volti zinazopotea ni kama 6.6 pekee. Katika mji ambao volti hushuka jioni kila mtu anapowasha taa, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoamua ikiwa kompresa itawaka au itanguruma tu na kuungua.

Aidha, kuna nyaya sokoni zilizopakwa shaba kwa nje ilhali ndani ni alumini. Hubeba umeme kidogo kuliko shaba halisi na hulegea kwenye viungo. Njia rahisi ya kuzitambua ni kukwaruza waya kwa kisu. Ukiona rangi nyeupe ya fedha chini ya wekundu, irudishe dukani. Alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) inapaswa kutafutwa kwenye kebo kabla ya kulipa, ingawa nayo haiondoi haja ya kukagua.

Kuzima si kusema "nimezima"

Vifo vingi vya mafundi husababishwa na umeme ambao kila mmoja aliamini kuwa umezimwa. Kwa hivyo swichi ya kukatia umeme hupaswa kuzimwa, kufungwa kwa kufuli, na ufunguo kukaa mfukoni mwa yule atakayezishika nyaya. Kibandiko chenye jina lake na onyo la kutowasha huwekwa hapo hapo. Maneno ya kijana aliyeachwa chini alinde swichi si kufuli. Anaweza kuitwa dukani, na mtu mwingine akaja kuiwasha kwa nia njema.

Katika majengo mengi ya mpakani kuna jenereta. Baadhi hujiwasha zenyewe mara umeme wa kampuni unapokatika. Fundi aliyeizima njia ya Kenya Power pekee anaweza kupigwa na umeme wa jenereta sekunde chache baadaye. Nayo jenereta iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia njia inaweza kurudisha umeme hadi kwenye nguzo za barabarani na kumuua mfanyakazi wa kampuni ya umeme aliyepanda kuzirekebisha. Vyanzo vyote viwili ni lazima vifungwe.

Baada ya kufunga, fundi hupima. Upimaji wa kuaminika una hatua tatu: kujaribu kipimo mahali penye umeme unaojulikana, kupima nyaya zitakazoshikwa, kisha kurudi kujaribu kipimo palepale pa kwanza. Bila hatua ya tatu, hakuna ajuaye kama kipimo kilionyesha sufuri kwa kuwa hakuna umeme au kwa kuwa betri imekwisha.

Hata mtambo uliozimwa una hatari. Kapasita huhifadhi umeme na huweza kumrusha mtu kutoka juu ya ngazi. Husubiriwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, hutolewa umeme kwa kizuizi maalum, kisha hupimwa. Kuigonga kwa bisibisi ili itoe cheche ni desturi mbaya inayopaswa kukomeshwa.

Mtego wa rangi

Majengo ya zamani ya Afrika Mashariki yalifuata rangi za Uingereza: nyekundu, njano na samawati kwa fezi tatu, na nyeusi kwa nyutro. Uingereza ilianza kuzibadilisha mwaka 2004, na kufikia mwaka 2006 kazi zote mpya nchini humo zilitakiwa kufuata rangi za Ulaya: kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, samawati kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa waya wa ardhini.

Matokeo yake ni kwamba rangi mbili zimebadilishana kazi. Waya mweusi, ambao katika jengo la zamani ni nyutro, katika kebo mpya ni fezi. Waya wa samawati, ambao zamani ulikuwa fezi, sasa ni nyutro. Jengo lililoongezwa vyumba linaweza kuwa na mitindo yote miwili ndani ya bodi moja. Anayeamini macho yake badala ya kipimo anaweza kuunganisha fezi mahali pa nyutro na kupeleka volti 415 kwenye kifaa cha volti 240.

Waya wa ardhini

Kasha la pampu ya joto ni chuma, na mara nyingi huketi juu ya paa la mabati. Insulesheni ya waya mmoja ikichubuka ndani, kasha lote hushika umeme. Pasipokuwa na waya wa ardhini, umeme huo hauna pa kwenda, breka haianguki, na mtambo huendelea kufanya kazi kama kawaida. Husubiri mtu mwenye miguu yenye maji.

Hata chuma kilichopigwa ardhini hakitoshi peke yake. Chukua mfano wa ardhi yenye ukinzani wa omu 20. Gawanya volti 240 kwa 20, utapata ampea 12. Breka ya ampea 32 haitaona kosa lolote, ilhali kasha limejaa umeme. Ndiyo sababu huhitajika kifaa kinachohisi umeme unaovuja na kukata haraka. Kinachokusudiwa kumlinda binadamu hukata uvujaji ukifikia miliampea 30.

Eneo la magharibi mwa Kenya na ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi. Kifaa cha kuzuia mawimbi ya ghafla ya umeme huwekwa kwenye bodi, kwa kuwa mitambo ya kisasa ina bodi ndogo za elektroniki ambazo huharibika upesi. Vilevile kazi ya paani husitishwa ngurumo inaposikika.

Nyaya ndogo na fezi tatu

Mitambo mingi ya aina hii huongozwa na thamostati ya volti 24, ambazo hutoka kwenye transfoma iliyo ndani. Nyaya hizi nyembamba hazipaswi kupitishwa katika bomba moja na nyaya za nguvu, isipokuwa insulesheni yake inahimili volti za juu zilizomo. Waya wa vali ya kugeuza mkondo nao huhitaji uangalifu. Baadhi ya watengenezaji huiwasha vali wakati wa kupoza, wengine wakati wa kupasha joto. Ukikosewa, mteja ataomba baridi na kupewa joto.

Kwa mitambo ya fezi tatu, kompresa ya aina ya skroli ikizunguka kinyume hupiga kelele isiyo ya kawaida na haisukumi gesi. Dawa yake ni kuzima, kufunga kwa kufuli, kisha kubadilishana nyaya mbili zozote za fezi upande unaoingia mtamboni.

Usawa wa fezi pia hupimwa. Tuseme vipimo ni volti 412, 418 na 400. Wastani ni 410, na kilicho mbali zaidi nao kimepungua kwa volti 10. Gawanya 10 kwa 410, utapata asilimia 2.4. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha asilimia 2, hivyo mtambo huo haufai kuwashwa hadi kasoro ipatikane.

Kabla ya kuwasha

Skrubu zote za viungo hukazwa kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, zikiwemo zilizokazwa kiwandani, kwa sababu safari ndefu ya lori huzilegeza. Insulesheni ya kebo hupimwa kwa volti 500 huku bodi za elektroniki zikiwa zimetenganishwa. Matokeo yasiyofikia megaomu 1 yanamaanisha kuna kasoro.

Mitambo mingine ina hita ndogo inayopasha mafuta ya kompresa. Hiyo huachwa na umeme kwa saa kadhaa kabla ya kompresa kuwashwa, kama kitabu cha mtambo kinavyoagiza. Mteja mwenye haraka anaweza kunung'unika, lakini kompresa mpya ni ghali kuliko usiku mmoja wa joto.

Mwisho, mwenye jengo anapaswa kukabidhiwa cheti cha kazi kilichotiwa sahihi na fundi mwenye leseni, mchoro wa nyaya, na orodha ya vipimo vilivyopatikana. Aonyeshwe pia ilipo swichi ya kuukata umeme wa mtambo, ambayo inafaa iwe karibu na mtambo wenyewe na ionekane. Siku atakapokuja fundi mwingine kusafisha koili, pengine kijana anayejifunza kazi, karatasi hizo na swichi hiyo ndizo zitakazomwezesha kushuka paani akiwa salama.