Je, watu wa kale walikula kibudu?

Huku kwetu Pemba huwezi kumtukania mtu chakula chake zaidi ya kukiita kibudu. Ng'ombe akifa bila kuchinjwa, hata awe amenona vipi, hasara imeshaingia na shimo linachimbwa. Sasa ndugu zangu, wataalamu wamegombana zaidi ya miaka 40 juu ya swali hili hili: watu wa kale wa Olduvai waliwinda wenyewe, au waliokota masalia ya simba?

Tuanze na mahali penyewe. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu likichomoza udongoni katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Mumewe Louis akalipa jina Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Zinj ni jina la kale la Waarabu kwa pwani ya Afrika Mashariki, na ndilo lililomo ndani ya neno Zanzibar. (Wazanzibari tuna mgao wetu pale, msitunyime!) Fuvu hilo lipo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kwangu mimi habari kubwa si fuvu, ni takataka zilizokuwa karibu nalo: zaidi ya vipande 2,000 vya mawe yaliyochongwa, na maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama, vyote vya miaka kama milioni 1.8 iliyopita. Zinj mwenyewe huenda hakuhusika na karamu ile. Kemia ya meno ya jamaa zake inaonyesha walikula zaidi nyasi na mimea inayofanana nazo. Mshukiwa mkuu ni Homo habilis, aliyepewa jina mwaka 1964 kutokana na mabaki ya bonde hilo hilo.

Kwa miaka 20 hivi wengi waliridhika: mawe na mifupa vimekutwa pamoja, basi hao ni wawindaji. Mwaka 1981 Henry Bunn kwa upande mmoja, Richard Potts na Pat Shipman kwa upande mwingine, wakatangaza kwamba mifupa ya Olduvai ina alama za kukatwa kwa mawe. Ushindi? Wapi! Mwaka huo huo Mmarekani Lewis Binford alitoa kitabu akisema uwindaji huo ni hadithi tu: wazee wetu walifika simba na fisi wameshakula, wakabaki kupasua mifupa wapate uboho.

Robert Blumenschine akaenda kuangalia mwenyewe. Miaka ya 1980 alifuatilia mizoga Serengeti na Ngorongoro. Simba akishiba nyumbu huacha mifupa mirefu ikiwa mizima, maana hawezi kuivunja. Fisi anaweza, lakini kwenye miti ya kando ya mto, hasa kiangazi, huenda akachelewa kufika. Hapo mwenye jiwe la kugongea ana nafasi yake. Uboho ni mafuta matupu, si chakula cha kudharau!

Ugomvi ukahamia kwenye mikwaruzo. Kama simba alitangulia, meno yake yataonekana katikati ya mfupa, na nyama ya kukata itakuwa imebaki kidogo. Kama mtu alitangulia, jiwe litakuwa limekata pale penye mnofu mnene, paja na mkono wa juu. Mhispania Manuel Domínguez-Rodrigo, anayefanya kazi Olduvai pamoja na Mtanzania Audax Mabulla, anasema mikato ipo hapo hapo penye mnofu, na kwamba alama nyingi zilizodhaniwa ni meno zimetokana na vijidudu na mizizi ya mimea. Blumenschine na wenzake hawakukubali. Mimi naelemea kwa Mhispania, kwa sababu mtu aliyefika mwisho hana mnofu wa kukata.

Halafu kuna njia ya tatu, ambayo naona wengi wanaipita haraka. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, si mbali na Olduvai, ni watu wa leo kama wewe na mimi, si masalia ya kale. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 waliwaona wakiwinda kwa upinde, lakini pia wakiwatazama tai angani na kusikiliza simba usiku, kisha wakienda kumfukuza simba na kuchukua nyama ikiwa bado mbichi. Hapo si kuwinda wala kuokota. Ni kupora!

Na sisi wa visiwani? Katika pango la Kuumbi, Jambiani, Unguja, watu waliingia miaka kama 20,000 iliyopita na wakaacha mifupa ya pundamilia na nyati. Wakati ule bahari ilishuka zaidi ya mita 100 na Unguja ikaungana na bara. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo sisi tulibaki kisiwa. Aliyetaka kuja kula nyama Pemba ilibidi kwanza apate chombo.